Visiki vya Mbaazi vya Bonga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimelisema hilo stendi, nimelisema kanisani kwenye mnada wa mazao watu wakishindania jogoo, na nimelisema mbele ya wasomi wenye tai shingoni. Ashangae nini mtu aliyeanza kuziba pancha chini ya turubai la kuazima, darasa la saba ambalo hata cheti chake hakurudi kukifuata, na leo ana gereji yenye geti la chuma na malori mawili yanayokwenda Dodoma na kurudi? Nimeona mabasi yamelala ubavu. Nimeona tajiri ananiita "bosi" kwa unyenyekevu kwa sababu tairi limempasukia porini na pampu ninayo mimi. Ukikaa na matairi miaka mingi unawajua watu, maana hakuna asiyepata pancha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka asubuhi ya mbio za Bonga mwaka jana, niliposimama mbele ya bibi mmoja aliyeshika chupa ya chai, nikashangaa.

Mbio zenyewe nizieleze, maana si kila msomaji ni wa Babati. Kila mwaka mahindi na mazao mengine yakishatoka shambani, kabla ng'ombe hawajaachiliwa kula mabua, wafanyabiashara wa mjini wanachanga fedha na kutengeneza mzunguko kule Bonga. Magari yanaanzia kwenye changarawe kando ya barabara kuu, yanapanda kilima cha mawe, yanateremka na kulikata shamba la huyo bibi katikati, ndipo yanarudi kwenye changarawe. Ni magari madogo, makuukuu, yaliyong'olewa viti na kufungwa mabomba ya chuma ndani ili yakipinduka dereva asipondeke. Zawadi ni kombe na dume la ng'ombe. Na sheria kubwa ya kamati ni moja: shamba linakimbiwa kama lilivyokutwa. Hakuna kusawazisha, hakuna kufyeka. Wanasimamisha mafungu ya mabua kuonyesha njia, basi. Mwenye shamba akitaka kufanya lolote kwenye shamba lake kabla ya siku hiyo, ni lake, hakuna wa kumuuliza.

Timu yangu ilikuwa watu wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi mwenye gari na fundi, yeye dereva. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba alikuwa ameshatangulia. Nikawa nakwenda naye stendi. Nilikuwa natandika kanga ya mama ndani ya tairi la lori, namlaza humo, naendelea na kazi. Abiria walikuwa wakipita wanacheka, "Fundi, hilo tairi linalia!" Kwa pesa za pancha nimemsomesha mpaka kidato cha nne, nikampeleka chuo cha ufundi. Kuendesha nilimfundisha mwenyewe, kwenye uwanja wa vumbi kule Nangara, akiwa bado anakalia mto ili aone mbele. Huyo kijana akikamata usukani utafikiri barabara imechorwa kwenye viganja vyake. Sijisifu kwa hilo, ingawa aliyemfundisha ni mimi.

Sasa rekodi yetu pale Bonga. Watu wa stendi wanaijua kuliko wanavyoijua sala ya Baba Yetu. Mwaka wa kwanza tulishinda, dume tukalila nyumbani kwangu Nangara na nusu ya mtaa. Mwaka uliofuata tukawa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa amepinduka. Kisha tukashinda tena, kwa raha kabisa, wenzetu wanahangaika na jeki huku sisi tunapunga mikono. Nikaagiza fulana zenye picha ya gari letu. Nilipozivaa mwaka uliofuata injini ikachemka njiani, gari likasukumwa na watoto wa shule. Halafu mwaka mmoja tukapata nafasi ya pili, halafu tena tukapotea kabisa. Vijana wa bodaboda wakawa wakiniona wanapaza sauti, "Mambo vipi bosi! Mwaka huu tunakula dume au tunakula vumbi?"

Nilikuwa nawajibu kwa maneno ambayo hapa siyaandiki.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Tukishinda, ni kwa ajili ya matairi yangu. Tukishindwa, ni mafuta machafu, ni kamati, ni jicho la mtu. Na matairi yangu kweli yalikuwa kitu cha peke yake. Nilikuwa nachukua tairi kuukuu la lori, nakata ukanda wake mnene, nauvalisha kwa ndani kwenye tairi la gari dogo, naupaka solusheni, naukandamiza mpaka vishikane. Msumari haupiti hapo. Hiyo ni akili ya kijiweni, haifundishwi chuoni. Ukanda huo unaongeza uzito, najua, lakini mwenye pancha hata awe mwepesi kama unyoya atakwenda wapi?

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tunakula makande kwangu, mbio za mwaka ule zimeshapita na tumeshindwa vibaya.

"Kaka, nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Sisi pale Bonga hatushindi. Zinashinda mbaazi."

Nikaweka kijiko chini. Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Yule bibi mwenye shamba, mwaka akichanganya mbaazi na mahindi, mbaazi zinavunwa za mwisho, miti yake inakatwa kwa panga kuwa kuni. Kinachobaki ardhini ni visiki, vigumu, vimekatwa mshazari, vina ncha kama mikuki. Miaka ya visiki wenzetu wote wanapasuka, sisi tunapita na mikanda yetu ya lori. Mwaka ambao bibi hakupanda mbaazi, shamba laini, wenzetu wanaruka na matairi mepesi, sisi tunaburuta mawe miguuni. Mwaka ule wa nafasi ya pili, alikuwa amepanda nusu shamba.

"Kwa hiyo mimi sijui kitu," nikamwambia.

"Sijasema hivyo, kaka. Nasema tuwe na matairi ya aina mbili. Tuangalie shamba kwanza."

"Hayo matairi unayoyadharau ndiyo yaliyokulea. Ulilala humo."

"Najua nililala humo," akasema. "Umeniambia mara nyingi."

Akamaliza makande yake, akanawa, akaniaga vizuri tu. Mimi nilibaki nimekaa. Alikuwa amesema kweli na nilijua amesema kweli, lakini kuanza kufunga matairi mepesi mbele ya watu wa stendi, baada ya maneno yote niliyokwisha kuyasema, hilo sikuliweza.

Wiki chache baadaye akaja bosi mmoja wa Arusha, mwenye timu ya magari manne na lori la kuyabebea. Alifika gereji amevaa viatu vyeupe.

"Shikamoo mzee."

Nilimtazama. Tunalingana kabisa, kama si yeye aliyenizidi. "Marahaba," nikaitikia. Akitaka kunizeesha, basi ashike adabu.

"Nimekuja kwa heshima. Nimemwona kijana wako anavyopanda kile kilima cha mawe. Namwomba aje kuniendeshea."

"Utafikiri umekuja kuposa."

"Ni kama kuposa, mzee."

"Basi mahari yake huiwezi."

Akacheka. Mdogo wangu alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, na miguu ile haikutikisika hata kidogo. Yule bosi alipoondoka, mdogo wangu akatoka, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Nimemwambia asubiri mpaka mbio zijazo za Bonga," akasema. "Tukishinda, nabaki, tunaendelea hapa hapa. Tukishindwa, kaka, uniruhusu niende. Nina mke sasa. Siwezi kukaa mtu wa mwaka huu juu, mwaka kesho chini."

"Sawa," nikasema.

Nilisema sawa tu. Nyumbani kwangu nina watoto watatu na wote nawapenda, lakini huyu ndiye niliyemtafunia chakula kabla hajaota meno. Neno lililokuwa kifuani lilikuwa "usiende". Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Badala yake nikamwuliza kama ameshakaza nati za gari la mteja.

Jumapili moja kabla ya mvua za kupandia, nilitoka misa nikaenda moja kwa moja Bonga kwa yule bibi. Ni mjane, mtu wa milimani Mbulu kwa asili, ana umri mkubwa lakini bado anashika jembe. Nilimkuta anapepeta maharage uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Karibu. Wewe si ndiye mwenye lile gari linaloshinda na kushindwa?"

"Ndiye mimi."

Akaniletea kigoda. Nikamwambia nataka alime mbaazi. Akanitazama kama nimemwambia alime mawe.

"Mbaazi za nini, baba? Ile bei ilipoanguka tuliziacha zikakaukia shambani. Siku hizi nani ananunua?"

"Nanunua mimi. Mbegu natoa, palizi nalipa, magunia yote nachukua kwa bei nzuri."

"Yote? Utayapeleka wapi?"

"Hiyo niachie mimi, bibi. Panda shamba zima. Na pale katikati yanapopita magari, usiache hata shimo moja bila mbegu."

"Hata pale pa magari?"

"Hasa pale."

Akatikisa kichwa, akacheka, akasema Mungu akubariki mwanangu, mwaka huu paa la jikoni litapata bati. Nilirudi mjini moyo mweupe. Niliona nimewaweza kamati, watu wa stendi na yule bosi wa viatu vyeupe kwa mpigo mmoja. Sikumwambia mtu. Mke wangu sikumwambia, na mdogo wangu ndiye kabisa.

Mvua ilikuja nzuri. Kila lori langu lilipokwenda Dodoma nilikuwa napanda na dereva mpaka Bonga tu, nateremka, natazama, narudi na bodaboda. Mahindi yakapanda, mbaazi zikaja chini yake taratibu kama kawaida yake, mahindi yakavunwa, zikabaki zenyewe zimesimama kupita kichwa changu, maua ya njano shamba zima. Sijawahi kupenda mmea. Nilizipenda hizo.

Mdogo wangu naye akaziona. Aliingia gereji anakimbia, mtu mzima mwenye mke. "Kaka! Bibi kapanda mbaazi! Shamba zima!" Akanishika mabega. "Mwaka huu Mungu ameamua nibaki." Nikajifanya naangalia maji ya betri, kwa sababu uso wangu haukuwa salama kuonekana.

Zikavunwa. Magunia yakaanza kuingia gereji, nikayapanga ukutani. Nilikwenda shambani mwenyewe baada ya miti kukatwa, nikainama, nikagusa kisiki kimoja kwa kidole gumba. Kikanitoa damu. Nikafurahi. Mbio zilikuwa mbele kidogo tu, nikarudi kuvalisha matairi mikanda, safari hii minene zaidi ya miaka yote.

Siku yenyewe tulifika mapema. Watu walishajaa kwenye changarawe, wauza mishkaki wanapepea moto, mlima Kwaraa umevaa wingu lake. Tulitembea kwa miguu kukagua mzunguko, mimi mbele, nimevaa fulana yenye picha ya gari letu. Tulipolifikia shamba la bibi nikasimama.

Palikuwa peupe. Pale katikati, upana wote wa njia ya magari, hapakuwa na kisiki hata kimoja. Mashimo yake yalikuwa yamefukiwa kwa udongo na kukanyagwa yakawa sawa. Kulia na kushoto visiki vyote vipo, mikuki mitupu, na katikati pamelainika kama sakafu ya udongo iliyopigwa kinyesi cha ng'ombe.

Bibi akatoka kwenye kivuli cha ukuta wake, kitenge kipya, chupa ya chai mkononi.

"Umeona, baba?" akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Watu waliniambia hivi visiki vinatoboa magari. Nikasema, huyu mwanangu kanilimisha, kanunua mbaazi ambazo hakuna anayezitaka, leo mimi nimwachie mikuki njiani? Nikatafuta vijana wenye sururu. Tumeng'oa vyote. Mdogo wako apite salama."

Mimi huyu nikashangaa.

"Asante, bibi," akasema mdogo wangu nyuma yangu.

"Kunyweni chai basi."

Tulikunywa. Nilikunywa ile chai nimesimama, moto wake nausikia mpaka tumboni, na sikuthubutu kugeuka. Bibi alipokwenda kuwagawia wengine, mdogo wangu akasema polepole, "Kanilimisha. Ndiyo maneno yake. Ina maana zile mbaazi ulizipanda wewe."

"Alizipanda bibi."

"Kaka."

"Nilimwomba."

Matairi mepesi yalikuwa gereji mjini, aliyanunua mwenyewe mwaka ule bila kunihusisha, na alikuwa ameyaacha huko kwa sababu aliona mbaazi. Kamati ilikuwa tayari inapanga magari kwenye mstari. Akaangalia pale palipofukiwa, akakanyaga kwa kisigino, udongo haukubonyea.

"Msimu mzima, kaka," akasema. "Kuliko kuniambia mimi usiende, ukaenda kuziambia mbaazi."

Nilitaka kulisema pale pale. Naapa nilitaka. Spika ya kamati ikaita namba yetu, akavaa kofia ngumu, akaenda.

Aliendesha siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumwona. Kwenye kilima cha mawe alikuwa anawaacha, kila raundi anawaacha, watu wanapiga kelele. Kisha wanateremka kwenye shamba la bibi, na pale kwenye ulaini wenzake wanampita mmoja baada ya mwingine, wepesi, vumbi lao linamfunika. Anapanda tena anawachukua, wanateremka tena wanampita. Bibi alikuwa kando yangu anapiga vigelegele kila gari letu linapopita, bila kujali liko la ngapi. "Halipati pancha!" ananiambia. "Umeona? Halipati pancha!" Kwa kweli siku ile hakuna gari hata moja lililopata pancha. Tulimaliza wa sita. Dume likaenda Singida.

Vijana wa bodaboda walinipungia, mmoja akaanza, "Bosi, mwaka huu..." Aliponiona usoni akaacha. Hilo liliniuma kuliko utani wao wote.

Njiani kurudi mjini mdogo wangu ndiye aliyesema tena. "Ungeniambia tu, kaka. Nilikuwa nangoja uniambie. Hata siku ile nikiwa chini ya gari nilikuwa nangoja."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshatoa neno."

Nami ndiye niliyemfundisha kwamba mwanaume akitoa neno limetoka. Nilimfundisha vizuri sana, kama nilivyomfundisha usukani.

Walikuja kumchukua katikati ya wiki, yeye na mke wake na mizigo yao. Yule bosi hakuja mwenyewe, alituma gari. Sikutoa hotuba. Nilichukua geji nikapima upepo wa matairi yote manne ya gari lile, kisha nikafungua nyuma nikapima la akiba. Lilikuwa limepungua, nikalijaza. Mdogo wangu alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza.

"Liko sawa?" akauliza.

"Liko sawa. Mtafika."

Gari letu bado liko gereji, nimelifunika turubai. Magunia ya mbaazi yako ukutani, hakuna aliyekuja hata kuuliza bei. Mke wangu anapika makande ya mbaazi, kesho mbaazi za nazi, keshokutwa anabadilisha sufuria. Wanaume wa gereji nao wanakula, bila kuulizia nyama, maana wananijua. Kile kiti alichokuwa anakalia mdogo wangu tukila, sasa tumekiwekea debe la mbaazi zilizochambuliwa.

Bibi wa Bonga alikuja mjini siku moja, akapita gereji kunisalimia. Aliuliza mdogo wangu yuko wapi, nikamwambia amepata kazi Arusha. Akashangilia, akasema Mungu mkubwa, ile njia tuliyomsafishia imemfikisha mbali. Nikasema ndiyo, bibi. Akauliza kama mwakani anipandie tena. Nikasema panda.

Alipokuwa anainuka kuondoka nikaona kitenge kile kile, na nikakumbuka kuuliza wale vijana wa sururu aliwalipa kwa pesa gani. Hakutaka kusema. Nilipombana akasema aliuza mbuzi, elfu arobaini na tano, lakini niache, ilikuwa zawadi yake kwetu. Mimi sijawahi kulimiwa wala kung'olewa kitu bure na mjane. Nikamhesabia mkononi, akakataa, nikamfungia kwenye upindo wa kitenge. Kwa hiyo hata kung'oa vile visiki nimelipa mimi. Ukijumlisha mbegu, palizi, magunia, usafiri wa kuyaleta mjini na hiyo ya sururu, mbaazi za Bonga zilinigharimu shilingi laki saba na elfu kumi na moja.